Rafiki wanne na njia za mavumbi

Chukueni ramani ya Amerika. Tafuteni inchi ya Meksiko, kisha tazameni upande wake wa magharibi, mahali inapopakana na Marekani. Mtaona inchi nyembamba inayoshuka kusini ndani ya bahari, kama kidole. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki. Mashariki yake ni ghuba ndefu inayoitenga na Meksiko yenyewe. Kidole hicho kinaitwa Baja California. Urefu wake ni karibu kilometa 1,250, lakini mahali pengine upana wake haupiti kilometa 50.

Mtu akisikia kwamba kuna bahari pande mbili, atafikiri ni inchi ya maji mengi. Sivyo. Sehemu yake ya katikati ni jangwa. Kuna miaka ambayo mvua haionekani kabisa. Ikija, huja kwa hasira: mabonde makavu, ambayo wenyeji huyaita «arroyo», hujaa maji kwa muda mfupi, hubeba mawe na njia pia, na kesho yake ni mchanga tena. Miti ya kule imejifunza kuishi na kiu. Mmoja unaitwa cardón. Hauna majani, bali miiba; huweka maji ndani ya shina lake, na huweza kuwa mrefu kupita nyumba ya ghorofa tatu. Mwingine unaitwa cirio, maana yake mshumaa mkubwa wa kanisani, kwa kuwa husimama wima na kuwa mwembamba juu. Mgeni akiuona kwa mara ya kwanza hucheka, maana unafanana na karoti iliyopandwa kichwa chini.

Nani alifanya njia katika inchi ya namna hiyo? Wa kwanza ni wenyeji wenyewe, Wakochimi, waliotembea kwa miguu. Walijua kila shimo la maji na kila chemchemi, na mapito yao yalitoka maji haya kwenda maji yale. Mwaka wa 1697 wamisionari Wajezwiti walifika na kuanza misioni yao ya kwanza huko Loreto. Nao walikuwa na nyumbu wa kubeba mizigo, na nyumbu anataka maji kupita mtu. Basi wakafuata mapito ya Wakochimi, wakayapanua, wakaondoa mawe. Wahispania waliiita njia hiyo Camino Real, yaani Njia ya Mfalme, ingawa mfalme mwenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Baadaye motokari zikaja, nazo zikafuata mahali palipowezekana. Hata leo, mtu anayepita kule kwa pikipiki na kushangaa kwa nini njia inazunguka mlima badala ya kwenda moja kwa moja, ajue kwamba mara nyingi jibu ni maji.

Njia kubwa ya lami kutoka kaskazini hata kusini ilimalizika mwaka wa 1973 tu. Kabla ya hapo safari ya kupita rasi yote ilikuwa kazi ya watu wenye moyo. Mwaka wa 1962 Waamerika wawili, Dave Ekins na Bill Robertson, walitaka kuonyesha nguvu ya pikipiki za Honda. Waliondoka Tijuana, mji wa mpakani, usiku wa manane, wakaenda hata La Paz kusini, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,500, karibu zote za mchanga na mawe. Simu za maandishi zilizopelekwa toka mji wa kwanza na mji wa mwisho zilikuwa ushuhuda wa saa zao. Ekins alifika kwa muda usiotimia saa 40; mwenzake alifika nyuma yake kwa muda usiotimia saa moja. Habari hiyo ilienea sana, na miaka mitano baadaye watu wakaanza mashindano makubwa kule, ambayo yanafanyika hata sasa.

Lakini watu wengi wanaopita njia hizo hawashindani na mtu. Huenda wawili, watatu au wanne, rafiki kwa rafiki, ili kuona inchi. Wanaacha lami na kuingia katika «brecha», ndilo jina la njia ndogo ya udongo. Tuwafuate rafiki wanne wa namna hiyo, tuone wanavyosafiri.

Mkubwa wao ni fundi wa motokari. Wa pili ni mwalimu. Wa tatu ni mama muuguzi, ambaye amezoea pikipiki tangu ujana, maana alipelekwa kufanya kazi vijijini. Wa nne ni kijana mwoka mikate, mwenye pikipiki mpya nzuri kuliko zote. Wako Bahía de los Ángeles, mji mdogo kwenye ghuba ya mashariki. Wanataka kuvuka milima, kuona kanisa la zamani la San Borja, kisha kutokea Rosarito upande wa Pasifiki.

Jioni kabla ya safari fundi aliwakalisha chini wafanye hesabu. Safari yote mpaka penye bomba la esanse haifiki kilometa 200. Pikipiki zao ni ndogo, nazo hutumia karibu litri 4 kwa kilometa 100. Kwa hiyo litri 8 zatakiwa. Tangi la kila pikipiki linabeba litri 10.

«Basi yatosha, kaka», alisema kijana. «Tena litri mbili zitabaki.»

«Hesabu yako ni sawa kwa njia ya lami», fundi alijibu. «Katika mchanga moteri hunywa zaidi. Tena mtu akipotea, hupita njia ile ile mara mbili. Kila mtu afunge litri 4 juu ya mzigo wake.»

Upande wa maji muuguzi ndiye aliyesema. Litri 5 kwa kila mtu kwa siku moja, nayo yagawanywe katika vyombo viwili. Chombo kimoja kikitoboka, kingine kitabaki. Kijana aliona ni mzigo mkubwa. Usiku alikiacha chombo kimoja nyumbani mwa wenyeji wao, chini ya kitanda, bila kumwambia mtu.

Tena waliwekeana sharti moja, nalo ndilo kubwa kupita yote. Katika njia ya vumbi watu hawawezi kufuatana karibu, kwa sababu anayefuata hataona kitu. Kila mmoja humwacha mwenzake aende mbele mpaka vumbi litulie. Kwa hiyo wa mbele hamwoni wa nyuma, wala moteri yake haisikiki. Itakuwaje basi penye njia panda? Sharti lilikuwa hivi: kila penye njia panda wa mbele asimame, asiondoke mpaka amwone kwa macho yake yule anayemfuata. Huyo naye asimame amngoje wa nyuma yake. Fundi alikuwa wa mwisho, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vyombo vya kazi: pikipiki ikiharibika popote katika safu, ataikuta njiani. Na kama mtu amepotea? Walikubali kwamba wenzake watamngoja nusu saa mahali hapo, kisha watamtafuta pamoja, bila kutengana.

Wakaondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Kwanza walipita njia ya lami, kisha wakageuka kusini. Hapo walisimama na kupunguza hewa kidogo katika mipira ya magurudumu. Mpira mgumu hukata mchanga kama kisu na kuzama; mpira uliolegea kidogo hupanuka na kuelea juu yake. Kisha wakasimama juu ya vikanyagio. Asiyejua hudhani wanajionyesha. Sababu ni nyingine: mtu anayesimama huacha pikipiki icheze chini yake, naye hupokea mishtuko kwa magoti, si kwa mgongo. Na macho hayatazami gurudumu. Yanatazama mbali, mahali anapotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho ya mwenyewe. Anayekodolea jiwe macho kwa hofu, jiwe hilo hilo ndilo atakalogonga.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mikunjo, kama bati la nyumba. Mtoto aliyesafiri juu ya kamyo wakati wa kiangazi aijua sana njia hiyo. Meno yake yamekwisha kumfundisha. Mikunjo hiyo haikufanywa na mtu. Gurudumu linalokwenda mbio likikuta kinundu kidogo huruka, kisha huanguka na kusukuma udongo mkavu mbele. Linalofuata huongeza kazi ya lile la kwanza. Baada ya mikunjo wakakuta vumbi laini kama unga wa muhogo, lililofunika mashimo hata yasionekane. Mwalimu alianguka mara mbili. Hakuumia, ila nguo zake zikawa na rangi ya njia.

Penye njia panda ya kwanza kijana alingoja vizuri. Muuguzi alipotokea, alimpungia mkono, akaenda. Penye njia panda ya pili alizima moteri, akangoja dakika kumi. Aliona vumbi la mbali. «Ndio hao wanakuja», aliwaza, «wataona alama za mpira wangu.» Akaondoka.

Kumbe vumbi lile lilikuwa la upepo tu. Nyuma yake mwalimu alikuwa ameanguka kwa mara ya tatu, na muuguzi alirudi kumsaidia kuinua pikipiki. Walipofika njia panda hapakuwa na mtu. Njia mbili zilikuwa mbele yao, moja kulia na moja kushoto, nazo zote zilikuwa na alama nyingi za magurudumu, mpya kwa za zamani.

Mwalimu alitaka kwenda kulia upesi, na muuguzi aende kushoto. Wazo hilo lilikuwa la upendo, lakini halikuwa zuri. Fundi alipofika alilikataa. «Sasa tumepoteza mtu mmoja», alisema. «Tukigawanyika, jioni tutatafuta watatu.» Wakazima moteri zote, wakaketi katika kivuli chembamba cha cardón, wakasikiliza. Jangwa likinyamaza, hunyamaza kweli. Hawakusikia moteri. Nusu saa ya namna hiyo ni ndefu kupita siku ya kazi.

Muda ulipotimia, muuguzi alitembea kwa miguu katika kila njia hatua hamsini, akiinama. Pine mpya ina meno yenye pembe kali. Pine iliyotumika sana meno yake yameliwa na kuwa mviringo. Katika njia ya kushoto aliona alama zenye pembe kali, tena juu ya alama nyingine zote. Wakapanga mawe kama mshale penye njia panda, ili kijana akirudi kwa njia nyingine aone walikoelekea. Kisha wakaenda wote watatu, polepole.

Walimkuta baada ya kilometa saba, karibu saa sita, ndani ya arroyo. Alikuwa anasukuma pikipiki yake katika mchanga, akirudi. Uso ulikuwa mwekundu, midomo imepasuka, wala hakuweza kusema sawasawa. Muuguzi hakumwuliza neno. Alimkalisha kivulini, akafungua vifungo vya koti lake, akalowesha kitambaa na kumfunga shingoni, kisha akampa maji kidogo, akangoja, akampa tena kidogo. Wengi hufikiri kwamba mwenye kiu kali anywe chombo chote mara moja. Mara nyingi akinywa hivyo hutapika, na maji yamepotea bure.

Aliporudiwa na sauti yake alieleza mambo yote. Mwiba ulikuwa umetoboa mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma. Yeye si mvivu: alifungua gurudumu, akaona tundu, akabandika kiraka, akafunga, akatia hewa kwa pampu. Hakufika hata kilometa mbili, hewa ikatoka tena. Akafungua tena, akakuta tundu jipya karibu na lile la kwanza. Akabandika kiraka cha pili, nacho kilikuwa cha mwisho. Akafunga, hewa ikatoka mara ya tatu. Kazi hiyo juani ilimaliza maji yake yote.

«Na chombo cha pili?» muuguzi aliuliza.

Kijana alitazama mchanga. «Kiko chini ya kitanda, dada.»

Hakuna aliyemgombeza. Fundi alitoa gurudumu, akafungua pine, akaingiza ndani yake kitambaa chembamba, akakizungusha taratibu. Kitambaa kikakwama. Pale pale palikuwa na mwiba, mfupi kupita kucha, umevunjika ndani ya pine hata usionekane kwa nje. Kijana alikuwa ameziba tundu mara mbili bila kutafuta kilichotoboa. Fundi aliung'oa kwa koleo, akaubandika kwenye kifuniko cha tangi la kijana kwa utepe, akatia mpira mwingine wa ndani, akafunga. Kazi yote ilichukua muda mfupi, maana mkono uliozoea hauendi mbio.

Lakini hawakuondoka saa ile. Muuguzi alikataa. Wakakaa kivulini mpaka saa tisa, wakala mikate ya mahindi na maharagwe, kisha wakarudi mpaka njia panda, wakabomoa ule mshale wa mawe ili usidanganye wengine, wakashika njia ya kulia.

Jua lilipokaribia kuzama waliliona kanisa. Limesimama peke yake katika bonde, la mawe yaliyochongwa vizuri, kuta zake nene, na mlango mrembo ambao mtu hategemei kuukuta mahali pale. Hapana mji. Kuna chemchemi, kuna bustani ya miti ya zamani, na jamaa ya watu wa pale wanaolinda kanisa na kuwaonyesha wageni. Wakawapokea, wakawapa mahali pa kulala.

Habari za San Borja si za furaha tupu. Padri Wenceslaus Linck, Mjezwiti aliyetoka Bohemia huko Ulaya, alianza misioni hiyo mwaka wa 1762. Miaka michache baadaye mfalme wa Hispania akawafukuza Wajezwiti wote katika inchi zake. Wale wa Baja California waliondoka mwaka wa 1768. Wafransisko wakachukua nafasi yao, na mwaka wa 1773 Wadominiko. Wadominiko ndio waliojenga kanisa lile la mawe, likamalizika mwaka wa 1801. Lakini pamoja na wageni yalikuja magonjwa ambayo Wakochimi hawakuyajua kamwe, kama ndui na surua, na wakafa wengi sana, mwaka kwa mwaka. Kanisa lilipokamilika, watu wa kuingia ndani yake walikuwa wamebaki wachache. Mwaka wa 1818 misioni ikaachwa. Mgeni akisifu mawe, asisahau mikono iliyoyabeba.

Usiku mwalimu alitaka kujua ni nani kati yao angeweza kupita jangwa lile bila moteri. Wakacheka. Kisha mzee wa pale akawaambia kwamba babu zake walilipita kwa miguu, wakijua maji yalipo. Hakuongeza neno, akaenda kulala.

Asubuhi walishika njia ya magharibi kwenda Rosarito, karibu kilometa 35 za mawe na mchanga. Kabla ya kuondoka kijana aliomba kuwa wa pili, lakini fundi akamweka mbele kama jana. Muuguzi alimpa chombo chake kimoja cha maji, kijana akakifunga mwenyewe kwa kamba mbili. Penye njia panda ya kwanza alizima moteri, akashuka. Vumbi lilitulia. Alingoja robo saa, akatazama ule mwiba juu ya tangi, akangoja tena. Muuguzi alipotokea kwenye kona hakupunga mkono kwa mbali. Alingoja mpaka amefika karibu kabisa, ndipo akapiga moteri.

Hewa ya Pasifiki, yenye baridi na ukungu, waliisikia kabla ya kuiona bahari. Penye bomba la esanse fundi alipima matangi kwa kijiti. La kijana lilikuwa karibu kavu, na zile litri 4 za juu ya mzigo zilikuwa zimekwisha kutumika.

MAULIZO. — Onyesheni Baja California kwenye ramani: ni bahari gani iko magharibi yake? Kwa nini njia za zamani zilikwenda penye maji? Kwa nini wasafiri wa njia ya vumbi hawafuatani karibu? Pikipiki inatumia litri 4 kwa kilometa 100. Tangi lina litri 10, na mzigo una litri 4: itakwenda kilometa ngapi katika njia nzuri? Fundi alikuta nini ndani ya pine, naye alikitafuta namna gani? Kwa nini walibomoa mshale wa mawe?